Aliyeanguka Hakuwa Mzembe

Msimu wa parachichi ukifika, Njombe, Rungwe au Murang'a, habari ya mchumaji aliyeanguka huja pamoja na hukumu yake. Alikuwa na haraka. Alijinyoosha kupita kiasi. Alipanda akiwa amechoka, au amelewa, au mfuko wake ulikuwa umejaa kupindukia. Kila msimulizi huongeza lake, lakini wote hukutana mahali pamoja: kosa ni la aliyeanguka. Hakuna anayeuliza ngazi ilikuwa ya namna gani, ilisimama juu ya udongo upi, nani aliitengeneza na kwa kazi gani. Majeruhi hupelekwa hospitali, ngazi hurudishwa mtini, na mwingine hupanda.

Hukumu hiyo ni potofu, na imedumu kwa sababu inawafaa wengi. Inamfaa mwenye shamba, kwa kuwa haimgharimu kitu. Inamfaa mnunuzi, ambaye anahesabu kreti tu. Inamfaa hata mtaalamu wa kilimo, maana inamruhusu kuzungumza kutwa nzima juu ya miche, mbolea, dawa na masoko bila kukigusa kifaa ambacho bila hicho tunda la juu haliliwi na yeyote isipokuwa popo. Ngazi ya shambani ni zana ya kilimo sawasawa na jembe. Tofauti ni kwamba jembe limebuniwa. Ngazi, katika mashamba yetu mengi, imeokotezwa tu.

Itazame ngazi ya kawaida. Ni fito mbili za mkaratusi zilizolazwa sambamba, na vijiti vimegongelewa kwa misumari juu ya uso wa fito hizo. Kila kipandio kinashikiliwa na misumari miwili, minne kama fundi alikuwa mkarimu, na mti wenyewe haubebi chochote. Mkaratusi ulikatwa mbichi, hivyo ukikauka hunywea na kupasuka, na ufa hupenda kuanzia pale pale msumari ulipopita. Mvua zikianza msumari hushika kutu. Juu ya kijiti hicho anasimama mtu wa kilo 65 mwenye kilo 15 za matunda kifuani, akipanda na kushuka tangu asubuhi hadi jioni. Seremala yeyote anaijua dawa yake: kipandio kiingie ndani ya mti, kwa tundu au kwa pengo lililochongwa, ili uzito ukalie mbao na msumari ubaki na kazi ndogo ya kukizuia kisichomoke. Ufundi huo tunao tangu zamani. Kitanda cha kamba kimeungwa hivyo hivyo, mfumbati ukiingia kwenye tundu la tendegu, na kimelaza vizazi. Kwa hiyo ngazi ya misumari haitokani na ukosefu wa ujuzi. Inatokana na imani kwamba ngazi ni ngazi, na haistahili nusu siku ya fundi.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Ngazi hiyo haisimami yenyewe, inaegemezwa. Kuegemeza ngazi kuna kanuni inayofundishwa kila mahali: kwa kila mita nne za kwenda juu, miguu ikae mita moja kutoka ukutani. Lakini kanuni hiyo inadhani kuna ukuta, na mti si ukuta. Tawi linapinda, linacheza kwa upepo, na jambo ambalo wanaofundisha usalama ofisini hawalitaji kamwe ni kwamba tawi lililoinamishwa na matunda huinuka kadiri linavyopunguziwa mzigo. Kadiri mchumaji anavyofanya kazi yake vizuri, ndivyo anavyoihamisha nguzo aliyoiegemea. Tena mparachichi una mbao tete, tawi lake hukatika ghafla bila onyo la kulia kwanza. Mkarafuu nao una sifa hiyo hiyo, kama Wapemba wanavyojua. Ncha za juu za ngazi zina upana ule ule wa chini, basi hazipenyi kati ya matawi ila kwa kusukumwa kwa nguvu. Vichipukizi vya msimu ujao vinavunjika, gome linachubuka, na fangasi hupata mlango. Mwenye shamba anayedhani amebana matumizi kwa kutonunua ngazi nzuri amekwisha kulipa, ila hana risiti.

Akiona hayo, mwenye shamba aliyejaliwa kidogo huazima ngazi ya fundi rangi, ile ya kufunguka yenye miguu minne. Hapo ndipo tunapokutana na imani iliyokita mizizi kuliko zote: kwamba miguu minne ni imara kuliko mitatu. Nimewasikia watu wazima wenye elimu wakiitetea kwa ukali kabisa. Kwenye sakafu ya saruji wanasema kweli. Shambani hakuna sakafu. Kuna tuta, shimo la mbolea, mzizi uliojitokeza, mfereji, na mahali fuko alipopita jana usiku. Mafiga ni matatu kwa sababu hiyo hiyo: nukta tatu hukaa juu ya ardhi ya namna yoyote na chungu hakichezi, ukiongeza figa la nne, moja litabaki halibebi kitu. Mguu wa nne wa ngazi shambani una tabia hiyo. Unaning'inia sentimita mbili hewani, mchumaji haujali, na siku anapogeukia upande wake na mfuko umejaa, ngazi nzima inalalia mguu ule kwa kishindo kidogo. Kishindo hicho hakitoshi kuiangusha ngazi. Kinatosha kumwangusha mtu aliyesimama mita mbili juu akiwa na mkono mmoja kwenye tawi. Dawa inayotumika ni kipande cha tofali chini ya mguu, na tofali hilo nalo likichomoka, tunarudi kwenye uzembe wa mchumaji.

Wakulima wa matufaha na cheri wa majimbo ya Washington na Oregon, na wa machungwa na parachichi wa California, hutumia ngazi ya miguu mitatu. Wajapani huitumia bustanini pia. Upande wa kupandia una miti miwili inayoanza ikiwa imepanuka sana chini, ikikaribiana kadiri inavyokwenda juu, na mguu wa tatu ni mti mmoja tu ulioning'inizwa kwa bawaba kileleni. Mguu huo mmoja hupenya katikati ya matawi mahali ambapo miguu miwili isingepita, na kilele chembamba huingia ndani ya mti bila kuvunja kitu. Ngazi haimwegemei mtu wala tawi.

Sisemi kwamba miguu mitatu peke yake inatosha, na anayesema hivyo atawaua watu. Pembetatu ina eneo dogo la kusimamia kuliko mstatili, kwa hiyo usalama wote umo katika upana wa chini. Tupige hesabu. Chukua ngazi ya mita 3, weka mita 1.1 kati ya miguu miwili ya upande wa kupandia, kisha ukite mguu wa tatu mita 1.6 mbele yake. Mchumaji akisimama kwenye theluthi mbili ya urefu, uzito wake unashukia kiasi cha sentimita 30 ndani ya mstari wa miguu ile miwili. Hapo pembetatu bado ina upana wa karibu sentimita 90, yaani 45 kulia na 45 kushoto. Ile ngazi ya fundi rangi yenye upana wa nusu mita inampa 25 kila upande, hata kama miguu yake yote minne ingegusa ardhi. Wanaohesabu miguu wanahesabu kisichohusika. La kupima ni umbali kati ya uzito wa mtu na ukingo wa mahali ngazi inapokanyaga. Kwa kipimo hicho mitatu iliyopanuka inaishinda minne iliyobanana, na kwa mbali.

Mteremko ndio unaotofautisha ngazi iliyobuniwa na iliyokisiwa. Parachichi nyingi za Murang'a zimepandwa kwenye mabega ya milima, za Njombe na Rungwe vilevile, na mtu aliyebuni ngazi yake kwenye uwanja wa karakana hajabuni chochote. Mteremko wa nyuzi 10 unausogeza uzito ulio mita 2.5 juu kwa karibu sentimita 44 kuelekea bondeni. Ukiiweka ngazi yetu ubavu kwenye mteremko huo, zile sentimita 45 zimekwisha kabla mchumaji hajanyoosha mkono. Kwa hiyo mguu wa tatu lazima uelekezwe mlimani, na mpandaji apande akitokea upande wa bondeni, vipandio vikiwa vimelala sawa. Ndiyo sababu mguu huo haufai kufungwa kwa pau za kudumu kama wa ngazi ya ndani ya nyumba. Uachwe huru, ili ardhi ikiinuka mbele yake ufunguliwe zaidi na ngazi ibaki na mwinamo wake. Mchoro wa namna hiyo una udhaifu wake na ni afadhali usemwe waziwazi: juu ya saruji, au juu ya udongo wa kiangazi uliokauka ukawa mgumu, mguu usiofungwa huteleza. Ncha yake iwe na mwiba wa chuma wa kuuma ardhi, na juu kidogo ya mwiba kisahani bapa cha kuuzuia usizame wakati wa masika. Kazi ya mhunzi ya saa moja.

Sasa uzito, kwa maana tunazungumzia ngazi ya kubebwa. Mchumaji anaihamisha mara nyingi kwa siku, akizunguka mti na kwenda mti mwingine, mara nyingi peke yake, mara nyingi akipandisha mlima. Mtaani kwetu mtu akitaka kitu imara anakwenda kwa fundi wa kuchomelea, na fundi huyo kwa moyo mmoja atamtengenezea ngazi ya mabomba ya mraba yenye vipandio vya nondo. Nimepiga hesabu ya ngazi hiyo ya mita 3 kwa bomba la milimita 38 lenye unene wa milimita 1.5: inakaribia kilo 22, na fundi asiyependa lawama hutumia bomba nene zaidi akafika 30. Nani ataizungusha mtini kutwa? Itaachwa pale ilipo, na mchumaji atajinyoosha. Kisha tutasema alijinyoosha kupita kiasi! Nondo nayo ni nyembamba na ya mviringo, inauma unyayo, na ikilowa inateleza. Anayesimama juu yake kwa dakika ishirini akiwa na kandambili anabadilisha mguu kila mara, na kila anapobadilisha mguu anabaki na mguu mmoja.

Alumini ina uzito wa theluthi moja ya chuma, na ngazi za Marekani za kimo hicho huwa kama kilo 10. Ni nzuri, sibishi. Lakini wanaosema suluhisho ni kuagiza alumini kutoka nje hawajalala shambani. Ngazi ya alumini iliyoachwa chini ya mti usiku ina wapenzi wengi, na wa kwanza ni mnunuzi wa vyuma chakavu. Ikipinda, fundi wa kijijini hawezi kuinyoosha, kwa maana alumini iliyopinda na kunyooshwa imekwisha kudhoofika, na kuichomelea kunahitaji mashine asiyokuwa nayo. Tena ni chuma kwa maana moja mbaya: inapitisha umeme, na nyaya zetu zimekatiza juu ya mashamba mengi bila kuuliza miti itakua kufika wapi.

Mimi ni mtu wa mbao. Paini kavu ya msitu wa Sao Hill, iliyochaguliwa isiyo na vifundo, miti ya pembeni ya milimita 35 kwa 75, vipandio bapa vya upana wa sentimita 6 vilivyoingizwa kwenye mapengo na kukazwa kwa bolti, mguu wa tatu wa mti wa mviringo wa sentimita 5: jumla yake ni karibu kilo 16. Mguu wa tatu ukiwa mwanzi uliokomaa na kukauka, inapungua zaidi. Mwanzi ni mwepesi na mgumu kupinda, japo wadudu huutoboa na ni heri ubadilishwe mapema kuliko kuchelewa. (Iringa na Njombe mianzi si haba, ila wenyewe wana mipango mingine nayo, na pombe ya ulanzi haingoji ngazi.) Mbao zisipakwe rangi nzito. Rangi hupendeza na huficha ufa, na ufa ndio kitu cha kwanza mchumaji anachopaswa kukiona kila asubuhi. Mafuta ya kitani, au hata mafuta mengine ya mbao yasiyoficha kitu, yanatosha. Palipo na rangi pawe mahali pamoja tu: vipandio viwili vya juu vipakwe nyekundu, kwa kuwa hapo si pa kusimama. Na kileleni pasiwekwe kibao bapa. Pakiwa na kibao, kuna siku mtu atakisimamia.

Umbali wa kipandio hadi kipandio kwa kawaida ya viwandani ni sentimita 30. Ningeshusha hadi 26 au 27. Wachumaji wetu si wote wanaume warefu waliovaa suruali, na wanawake wengi wanaofanya kazi mashambani huambiwa kuchuma juu si kazi yao, wakaachwa na kuokota na kupanga kwenye kreti, kazi yenye malipo madogo. Husemwa ni desturi. Pengine sehemu ya desturi hiyo ni sentimita nne na kilo kumi.

Wapinzani wangu hawajaisha. Kuna kundi la wasomi zaidi, nao husema mjadala huu umepitwa na wakati kwa sababu dawa ni kufupisha miti. Panda miche iliyobebeshwa, pogoa mapema, zuia mti usipite mita nne au tano, na ngazi haitahitajika. Ushauri wa kupogoa ni mzuri na nauunga mkono; hitimisho lake ndilo lisilofuata. Mtu mzima aliyesimama chini anachuma kwa raha hadi karibu mita mbili. Mti wa mita nne na nusu unamwachia mita mbili na nusu za kutazama, na ni huko juu kwenye jua ndiko kwenye matunda mengi mazuri. Zaidi ya hapo, mti haujipogoi. Anayepogoa kilele kila mwaka atasimama juu ya nini? Anayeangalia wadudu kileleni, anayepunguza matunda yaliyosongana? Mti mfupi haumwondoi mtu kwenye ngazi. Unaifanya ngazi ya mita 3 itoshe, na kwa hiyo unaifanya istahili kubuniwa vizuri. Ukiacha mparachichi wa Hass bila kuupogoa utapita mita 8, na hapo hata ngazi yangu haisaidii. Kuhusu miembe ya dodo ya Muheza na Tanga iliyoachwa na mababu, na mikarafuu ya Pemba inayopita mita 10, sina mzaha wa kuwaambia wenyewe waikate wasubiri miaka. Wala sidai ngazi ya kubeba itafika kilele chake. Huko kazi ni ya kamba na ya wakwezi hodari, na Zanzibar angalau wamekiri hatari yake hadharani: Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar limewahi kuwalipa fidia walioanguka mikarafuuni. Shirika linalolipa fidia limekwisha kukubali kwamba kuanguka ni sehemu ya kazi, si tabia mbaya ya mtu.

Kundi jingine hutetea upembo, na siku hizi upembo wa kisasa wenye wembe na kifuko nchani. Ni kifaa kizuri kwa matunda matatu yaliyobaki mahali pabaya. Kwa shamba zima ni mateso ya shingo, tena tunda moja moja. Parachichi la kuuzwa nje linatakiwa likatwe na kikonyo chake, kwa maana likinyofolewa bila kikonyo huoza kuanzia pale lilipochomolewa, na kwenye kupanga litakataliwa. Embe nalo lisipoachwa na kikonyo hutoa utomvu unaounguza ganda likabaki na madoa. Chungwa likivutwa badala ya kukatwa huchunika kichwani. Kwenye ncha ya mti wa mita nne, wembe unaouona kwa mbali hautofautishi kikonyo na tunda, na mchumaji haoni upande wa pili wa tunda analolichagua. Akiwa juu ya ngazi, uso kwa uso na tunda, anatumia mkasi. Wanunuzi wanaolalamika kila msimu juu ya matunda yenye makovu wangeanza uchunguzi wao hapo.

Na hapa sina budi kuwageukia hao wanunuzi. Hass yote tunayouza imetokana na mti mmoja wa Rudolph Hass, mtu wa La Habra Heights huko California, aliyeuandikishia hataza mwaka 1935. Tumeichukua aina hiyo, tukachukua na namna ya kuibebesha, umbali wa kuipanda, viwango vya kreti, vyumba vya baridi, hadi cheti cha GLOBALG.A.P. kinachomfanya mkulima wa ekari mbili awe na daftari la dawa na maji ya kunawia mikono. Kifaa ambacho mchumaji wa kule anasimama juu yake hatukukichukua. Si kwa sababu ni siri. Mchoro wake unaeleweka kwa kuutazama mara moja. Vingine vyote vinalilinda tunda, ndiyo maana vilipata wafadhili, semina na magari. Ngazi inamlinda kibarua.

Cheti hicho hicho kinadai pia tathmini ya hatari zinazowakabili wafanyakazi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003, na ya Kenya ya mwaka 2007, zote zinamtwika mwajiri wajibu wa kutoa zana salama. Kwa hiyo si kweli kwamba hakuna kanuni. Kinachokosekana ni mwajiri. Kundi la vijana kumi huletwa kwa gari na dalali, linachuma mashamba matatu kwa siku, linalipwa kwa kreti na kutawanyika. Mwenye shamba anasema si wafanyakazi wake, dalali anasema yeye ni mleta watu, mnunuzi anasema yeye ananunua matunda tu. Ngazi iliyotumika ilikuwa ya jirani. Katika mpangilio huo, uzembe wa aliyeanguka ndio maelezo pekee ambayo kila mmoja anaweza kutia sahihi.

Watasema wachumaji wenyewe hawataki ngazi, wanapenda kuparamia matawi. Kweli, wengi hawaitaki ile ya kilo 30, na wana akili timamu. Anayelipwa kwa kreti hukikataa kila kinachomchelewesha, na kwa malipo hayo hata mimi ningeparamia. Ukitaka kujua kama wataitaka ngazi nzuri, mpe kila mmoja moja kwa wiki nzima, ya kilo 16, yenye ndoano ya kutundikia mfuko ili kifua kisibebe kilo 15 na tumbo likaribie vipandio. Kisha kaa kimya na utazame. Utaona mahali wanapoishika wanapoibeba, na hapo ndipo uzani wake unapotakiwa kuwa sawa. Utaona kipandio kinachoumiza na bawaba inayobana vidole. Ngazi ya pili itakuwa bora kuliko ya kwanza kwa sababu hiyo tu. CAMARTEC ya Arusha ilianzishwa kushughulikia zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, SIDO, shirika la viwanda vidogo, ina mafundi mikoani, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina vijana wanaohitaji kitu cha kutengeneza kwa mtihani. Hakuna kati yao atakayefilisika kwa fito tatu na bolti ishirini.

Linabaki suala la nani atalipa, na ndilo hoja yao ya mwisho kila mara: mkulima mdogo hana uwezo. Pengine hana, na wala haimhusu awe nao. Mwenye miti thelathini anaihitaji ngazi kwa siku chache za mwaka; akiinunua itamwozea kibandani. Anayezunguka mashamba mia moja kwa msimu ni mnunuzi. Kreti zinazoingia shambani ni zake, mizani ni yake, gari ni lake, na mkasi wa kukatia vikonyo huwa anaugawa yeye kwa sababu tunda lililonyofolewa linamtia hasara. Kwenye gari hilo hilo zinaenea ngazi sita zilizokunjwa, zikiwa zimelala juu ya kreti tupu, kila moja na namba yake na jina la kampuni ubavuni. Zikiwa na jina, ikitokea moja imevunjika na mtu juu yake, hatutahitaji tena kubishana ilikuwa ya nani.